Utambuzi wa Saspensheni Iliyobadilishwa katika Magari Yaliyotumika Yanayoingizwa Unguja: Usomaji wa Nyaraka na wa Gari Lenyewe Kabla ya Ununuzi

Usuli

Sehemu kubwa ya magari madogo yanayotumika Unguja yaliundwa Japani, yakatumika huko kwa miaka kadhaa, kisha yakaletwa kwa meli. Toyota Noah, Ist, RAV4, Alphard na HiAce, pamoja na Suzuki Escudo, huonekana kila siku kuanzia Darajani hadi Mwanakwerekwe, na kutoka hapo hadi Nungwi, Paje na Makunduchi. Japani na Zanzibar zote huendesha magari upande wa kushoto wa barabara, hivyo usukani hauhitaji kuhamishwa. Sababu nyingine ipo hukohuko Japani. Gari dogo la binafsi hufanyiwa ukaguzi wa lazima baada ya miaka 3 ya mwanzo, na baadaye kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo una gharama, na wamiliki wengi huona ni heri kuliuza gari kuliko kulilipia tena. Gari hupelekwa mnadani, na kutoka mnadani hupata njia ya kuja Afrika Mashariki.

Katika miaka hiyo ya Japani gari lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na matakwa yake. Wapo wanaolishusha gari ili lionekane limelala barabarani, na wapo wanaolikaza ili lisiyumbe katika kona. Katika lami laini ya Yokohama au Nagoya mabadiliko hayo huweza kuwa ni mapambo tu. Gari hilohilo likishateremshwa katika Bandari ya Malindi hukutana na matuta ya barabarani, mashimo yanayofunuliwa na mvua za masika, na njia za maweni za mashariki na kusini mwa kisiwa, ambako jiwe la matumbawe hutokeza juu ya ardhi. Hapo ndipo mnunuzi hugundua alichokinunua, wakati fedha zimeshatoka mikononi mwake.

Ukaguzi ambao wanunuzi wengi huufanya huanzia kwenye injini, ukapitia rangi, kipoza hewa na idadi ya kilomita, na mara nyingi ukaishia hapo. Sehemu ya chini ya gari huachiwa neno la muuzaji. Hoja inayotetewa katika makala hii ni kwamba saspensheni huweza kusomwa kabla ya malipo kwa vifaa vya kawaida kabisa, yaani utepe wa kupimia, taa ya mkononi na mahali tambarare, ilimradi mnunuzi aulize swali lililo sahihi.

Istilahi zinazopotosha swali

Kamusi zimesajili neno shokomzoba. Gerejini husikika zaidi shokapu. Springi imebaki springi kila mahali. Mfumo mzima, unaojumuisha springi, shokomzoba, mikono ya chini, bushi na viungo vyake, hapa unaitwa saspensheni kwa kuwa ndilo jina ambalo mafundi na wauza vipuri hulielewa bila kuelezwa.

Ugumu hauko katika majina ya vifaa. Uko katika maneno mawili yanayotumika kuvihukumu: orijino na feki. Mnunuzi huuliza, “Shokapu ni orijino?” Muuzaji hujibu ndiyo au siyo, na mazungumzo hufungwa. Jozi hii ya maneno inahusu mtengenezaji wa kifaa, na kwa suala la springi inafaa. Lakini inaacha nje jambo la msingi zaidi, nalo ni iwapo kifaa hicho kinalinda kimo na mwendo wa gurudumu ambavyo gari liliundiwa. Maswali hayo mawili hayafanani. Shokomzoba ya KYB, kwa mfano, huweza kuwa ndiyo iliyofungwa kiwandani, kwa kuwa kampuni hiyo huviuzia vifaa viwanda vya magari, na huweza pia kuwa imenunuliwa dukani kuchukua nafasi ya iliyokufa. Ikiwa ni ya vipimo vilevile, gari halijabadilika hata kidogo. Kinyume chake, springi yenye nambari halali ya Toyota huweza kuwa imekatwa duara moja kwa msumeno. Hiyo ni orijino, na ni hatari.

Kwa hiyo inafaa kutofautisha hali tatu: saspensheni ya kiwandani, saspensheni iliyorejeshwa kwa kifaa cha mtengenezaji mwingine chenye vipimo sawa, na saspensheni iliyobadilishwa. Hali ya pili ni matengenezo ya kawaida, na katika gari lenye umri wa miaka 15 huenda ikawa ni habari njema. Hali ya tatu ndiyo inayotafutwa.

Kinachosemwa na nyaraka, na kinachonyamaziwa

Gari linapotolewa katika usajili wa Japani ili lisafirishwe hupewa cheti. Ndani yake huandikwa nambari ya chasisi, aina ya gari, uzito, na pia urefu, upana na kimo kwa sentimita. Wanunuzi wengi hutazama mwaka wa usajili wa mwanzo peke yake, ambao ndio unaohusika na kodi. Vipimo vile vitatu hupuuzwa.

Penye nafasi ya aina ya gari huweza kuonekana herufi moja ya Kijapani mwishoni: 改, isomwayo kai. Herufi hii humaanisha kwamba gari limesajiliwa upya kama lililobadilishwa muundo. Haisemi ni kitu gani kilichobadilishwa. Huenda ikawa ni injini au mwili wa gari. Inatosha hata hivyo kumfanya mnunuzi aulize. Kwa sababu hiyo tafsiri ya cheti isikubaliwe bila asili yake kuonyeshwa, kwani herufi moja ni rahisi kupotea njiani.

Kutokuwapo kwa herufi hiyo, kwa upande mwingine, hakuthibitishi kitu. Mwaka 1995 Japani ililegeza kanuni zake, na springi za koili na shokomzoba zikawekwa katika kundi la vifaa ambavyo mwenye gari huweza kuvibadilisha bila kulisajili gari upya, mradi masharti mengine ya usalama yatimizwe, mojawapo likiwa kwamba uwazi kati ya sehemu ya chini ya gari na ardhi usipungue sentimita 9. Matokeo yake ni kwamba gari huweza kushushwa kihalali kabisa na cheti chake kikaendelea kuonyesha kimo cha kiwandani. Cheti kinanyamaza, lakini kinyamazapo kinampa mnunuzi kipimo cha kulinganishia: akilaza ubao ulionyooka juu ya paa na kupima hadi chini, akapata upungufu wa sentimita 4 au 5 kutoka kimo kilichoandikwa, maelezo yanahitajika. Kwanza aondoe uwezekano wa matairi kuwa madogo kuliko ya asili, na akumbuke kwamba reli za paa huingizwa katika kimo.

Karatasi ya mnada ina uwazi zaidi. Mkaguzi wa mnada huandika kwa mkono alichokiona, na maneno mawili ni ya kutafutwa: 社外, yaani kifaa kisicho cha kiwanda kilicholiunda gari, na 車高調, isomwayo shakocho, yaani saspensheni ya kurekebishwa kimo. Anayenunua kwa njia ya intaneti ana haki ya kuomba karatasi hiyo kabla hajalipa, na anaweza kuyalinganisha maumbo ya herufi hizo hata kama hajui neno moja la Kijapani.

Upo pia ukaguzi wa ubora. Taasisi ya Viwango Zanzibar, iliyoundwa kwa Sheria Namba 1 ya mwaka 2011, ndiyo yenye dhamana ya viwango vya bidhaa zinazoingia visiwani. Si haki kuutwisha ukaguzi wa aina hii mzigo usiokuwa wake. Unauliza iwapo gari linafaa barabarani siku linapokaguliwa. Gari lililoshushwa kwa vifaa vizuri na vilivyofungwa barabara huweza kufaa siku hiyo. Iwapo litawafaa watu saba na mizigo yao katika njia ya Kizimkazi ni swali la mnunuzi.

Kupima pembe nne

Kipimo chenye manufaa kuliko vyote hakitegemei matairi. Gari likiwa tupu, mahali tambarare, usukani umenyooka na upepo wa matairi umesawazishwa, hupimwa umbali kutoka kitovu cha gurudumu kwenda juu wima hadi ukingo wa tao la bodi. Hufanywa hivyo katika pembe zote nne. Ikiwa gari lilikuwa juu ya jeki, lisukumwe mbele na nyuma kwanza ili springi zitulie.

Vipimo vya kulia na kushoto katika ekseli moja vinatarajiwa kukaribiana sana. Tofauti inayozidi sentimita moja hivi huashiria springi iliyochoka au kuvunjika upande mmoja, au ajali ya zamani. Pembe zote nne zikiwa zimepungua kwa kiasi kinachofanana, gari limeshushwa. Mbele ikiwa juu kuliko kawaida na nyuma ikiwa kama ilivyo, limenyanyuliwa mbele. Kawaida ni ipi? Hapa Unguja ina neema ambayo vitabu vya ufundi havina: Noah ni nyingi kiasi kwamba haikosekani nyingine mbili za toleo hilohilo zilizoegeshwa karibu na Mnazi Mmoja au Amani, na wenye nazo, wakiombwa kwa adabu, hawakatai kupimiwa.

Baada ya utepe hufuata mikono. Pembe moja ya gari ikandamizwe kwa uzito wa mwili kisha iachiwe. Shokomzoba nzima huliruhusu gari kupanda na kutulia; inayoendelea kudunda mara mbili tatu imekwisha. Pembe isiyokubali kushuka hata kidogo ina springi ngumu kupita kiasi au imeshafika kwenye mpira wa kuzuia, yaani haina nafasi tena ya kushuka.

Kusoma umri wa kutu

Chini ya gari taa ya mkononi hufanya kazi ambayo maelezo ya muuzaji hayawezi. Springi za kiwandani kwa kawaida huwa nyeusi, zenye vialama vidogo vya rangi vya kuzitambulishia. Springi iliyopakwa rangi ya kung'aa kutoka juu hadi chini ni ya kushukiwa: kijani hutumiwa na Tein, na mwili wa njano ni desturi ya shokomzoba nyingi za Bilstein. Mwili wa shokomzoba wenye nyuzi za skrubu na nati mbili za mviringo chini ya springi ndiyo ile shakocho ya karatasi ya mnada. Boneti ikifunguliwa, kitasa kidogo cha kuzungusha juu ya kilele cha shokomzoba huthibitisha jambo hilohilo.

Panapokuwa na nambari isomwe. Katika magari ya Toyota nambari za vipuri huanza na tarakimu 5 zinazotaja aina ya kifaa: 48131 ni springi ya koili ya mbele, 48231 ya nyuma, 48510 na 48520 ni shokomzoba za mbele kulia na kushoto, na 48530 ni ya nyuma. Tarakimu zinazofuata hutofautisha matoleo, na muuza vipuri mwenye katalogi huweza kusema iwapo ni za gari hilo. Tahadhari inahitajika: yapo matoleo ya michezo ambayo kiwanda chenyewe kiliyashusha, na hayo si mabadiliko.

Rangi hufutika na nambari huliwa na kutu. Kinachobaki ni kutu yenyewe. Gari lililoishi kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, hufika Unguja likiwa na kutu yake tayari, na hewa ya bahari huiongezea. Kutu hiyo hukua kwa pamoja: mkono wa chini, boliti, kiti cha springi na springi yenyewe hufanana umri. Kifaa kimoja kikiwa kisafi katikati ya majirani wenye kutu, kimewekwa baadaye. Boliti zenye kingo zilizochubuliwa na spana zinasema hivyohivyo. Na gari lililopulizwa rangi nyeusi mpya sehemu yote ya chini, boliti na mipira pamoja, limenyimwa historia yake; huenda nia ilikuwa ni kulikinga na chumvi, ila mnunuzi amebaki bila cha kusoma, na bei haina budi kuzingatia hilo.

Springi iliyokatwa

Ugunduzi mmoja unatosha kuahirisha ununuzi. Springi ya koili huishia kwa umbo maalumu linaloingia katika kiti chake. Anayetaka kulishusha gari bila gharama huikata kwa msumeno au kwa moto wa gesi. Ncha iliyobaki huwa kavu na yenye makali, haikai katika kiti, na gurudumu linaponing'inia, kwa mfano linapovuka shimo kwa kasi, springi huweza kuhama mahali pake. Moto nao hudhoofisha chuma kilicho jirani. Dalili zake ni ncha iliyonyooka badala ya kulala, alama ya kuungua, na springi inayocheza inapotikiswa wakati gari liko juu ya jeki. Hapa hakuna mjadala wa ladha wala wa ustarehe. Springi hiyo hutolewa na kutupwa, na gharama ya jozi nzima pamoja na kupanga matairi upya huingizwa katika mapatano kabla ya fedha kutoka.

HiAce: mabadiliko yasiyo na kifaa kigeni

Toyota HiAce ya kizazi cha H200, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2004, inastahili kuelezwa peke yake kwa sababu ndiyo inayobeba watalii na mizigo yao kutoka uwanja wa ndege hadi fukwe za kaskazini na mashariki, na kwa sababu inaonyesha udhaifu wa jozi ya orijino na feki kuliko gari lolote jingine. Mbele haina springi ya koili. Ina fimbo ndefu ya chuma inayojipinda kila gurudumu linapopanda, na mwisho wa fimbo hiyo pana boliti ya kurekebishia. Boliti ikilegezwa, mbele hushuka, ikikazwa, hupanda. Hakuna kifaa kilichobadilishwa. Mnunuzi anayetafuta jina geni au rangi ya ajabu hataona chochote, na muuzaji anayeapa kwamba kila kitu ni orijino hasemi uongo.

Nyuma kuna springi za majani. Ili kuishusha, kipande cha chuma huingizwa kati ya ekseli na springi, na boliti ndefu zaidi zenye umbo la U hufungwa. Kipande hicho huonekana kwa taa, na nyuzi za boliti zinazozidi kwa urefu chini ya nati humwongoza mkaguzi.

Hatari yake iko mahali ambapo wachache hupatazama. Baadhi ya HiAce zina vali ya breki za nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa kijiti. Vali hii hupima umbali kati ya ekseli na bodi: bodi ikikaribia ekseli, inachukulia kwamba gari limebeba mzigo, na hupeleka nguvu zaidi kwenye breki za nyuma. Gari likishushwa bila vali kurekebishwa, hupata habari ya uongo kila siku. Gari tupu huhesabiwa kuwa limejaa. Dereva akikanyaga breki katika lami yenye maji, magurudumu ya nyuma hujifunga mapema na mkia wa gari huhama. Likinyanyuliwa hutokea kinyume chake: limejaa abiria, nalo huhesabiwa kuwa tupu, na breki za nyuma hupungukiwa nguvu wakati hasa zinapohitajika. Kwa hiyo kijiti kile kikaguliwe. Kikiwa kimepindwa kwa mkono au kufungwa waya, ni kwa sababu fundi fulani aliujua ugumu huu akautibu kwa kukisia.

Mabadiliko yaliyofanyika baada ya kufika

Si kila mabadiliko yametoka Japani. Ist, Vitz na Noah nyingi hunyanyuliwa hapahapa ili zisikwaruze matuta, na sababu yake inaeleweka na kila aliyewahi kusikia sakafu ya gari ikiburuzika juu ya jiwe. Njia ya kawaida ni spesa, kipande cha aluminiamu au plastiki ngumu kinachowekwa juu ya kilele cha shokomzoba. Njia nyingine ni mpira unaochomekwa kati ya duara mbili za springi. Spesa hutambulika kwa kuchungulia kutoka ndani ya tao la gurudumu kwenda juu: kati ya kiti cha juu cha springi na bodi huonekana tabaka lisilofanana na jirani zake. Mpira huonekana mara moja.

Uamuzi juu ya spesa hauwezi kuwa mmoja kwa magari yote. Iliyo nyembamba, iliyofungwa kwa boliti zake na kufuatiwa na upangaji wa matairi, huenda isilete madhara makubwa. Iliyo nene hulazimisha shafti za mbele kufanya kazi kwa pembe kali, mipira yake ikachanika na mchanga ukaingia katika viungo. Bomba la breki nalo hunyooshwa gurudumu linaponing'inia. Hili hupimwa kwa kuinua upande mmoja kwa jeki hadi gurudumu lining'inie kabisa: bomba lililokazika kama uzi wa mshipi wa mvuvi halifai, hata kama gari linatembea vizuri.

Gari lililoshushwa na lililonyanyuliwa yote mawili huacha ushahidi katika matairi. Ukingo wa ndani ulioliwa wakati wa nje ukiwa mzima ni dalili ya gurudumu lililolala kwa juu kuelekea ndani, jambo la kawaida katika magari yaliyoshushwa. Ushahidi huu husomwa kwa kupitisha kiganja upande wa ndani wa tairi, ambako jicho halifiki. Ndiyo maana muuzaji aliyevalisha matairi mapya manne siku chache kabla ya kuuza astahili kuulizwa yako wapi yale ya zamani.

Jaribio la mwisho hufanywa barabarani. Usukani huzungushwa hadi mwisho kulia na kushoto kwa mwendo wa polepole ili kusikiliza tairi ikigusa bodi au kiungo cha shafti kikitoa mlio wa kukatika. Kisha gari hupitishwa juu ya tuta likiwa na watu wanne ndani. Kugonga mara moja kwa kishindo kizito kunamaanisha kwamba mwendo wa saspensheni umekwisha kabla tuta halijaisha. Mnunuzi aende na watu wake watatu, kwa sababu katika gari tupu kishindo hicho huenda kisisikike kabisa.